Jibu: Lee Perry alikuwa mwimbaji kweli au prodyuza tu?

Mkuu umeuliza kama Lee "Scratch" Perry, yule mkali wa reggae wa Jamaika, aliimba kweli au alikuwa mtu wa studio tu, na ile michoro ukutani inahusiana nini na reggae. Aliimba tena sana, mwaka 1968 alitoa People Funny Boy anamchana bosi wake wa zamani na ndani yake akaweka sauti ya mtoto analia, wakati huo nani alikuwa anafanya vitu hivyo? Halafu akawarekodi kina Bob Marley, ila patamu ni Black Ark, studio aliyojenga nyuma ya nyumba yake Kingston 1973, mashine yake kuu ya kurekodi ilikuwa ya traki nne tu, yaani njia nne za sauti, lakini muziki uliotoka pale mpaka leo watu wanauchambua. Hata wanamuziki wawili wa Zaire, Seke Molenga na Kalo Kawongolo, walirekodi pale wakiimba Kilingala.

Sasa kuta za studio hiyo alizijaza maandishi na michoro kila mahali, mwishoni ikaungua. Baadae akahamia Uswisi akaendelea vilevile, anabandika picha, vioo, mawe, anachora juu yake, na 2010 akafanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake Los Angeles, miaka 74 hiyo! Grammy alishabeba 2003. Alifariki Agosti 2021 kwao Jamaika.

Kwangu mimi michoro na dub yake, yaani ile reggae inayochanganywa upya studio kwa mwangwi mwingi, ni kazi moja, tabaka juu ya tabaka. Anza na albamu ya Super Ape, ya 1976, vaa hedifoni.