Mkiforki plagini ya watu, mjue mmejitwika nini

Wadogo zangu mnaotengeneza tovuti za WordPress, nimenyamaza muda mrefu kwa sababu mkubwa akisema sana huambiwa ana wivu. Ila wiki hii mmenishinda. Mmoja wenu kashusha plagini ya kulipia, yaani programu ya kuongezea tovuti uwezo, kutoka kundi la Telegram, akaipandisha moja kwa moja kwenye tovuti ya mteja bila hata kuijaribu pembeni. Mwingine, na huyu nampenda kwa bidii yake, kafungua faili kuu la plagini, kwenye mstari wa Author kaandika jina lake, kwenye Version kaweka 1.0.0, kisha kaniita nikaone. "Mkubwa, hii sasa ni yetu. Si ni GPL?"

Ni GPL, naam, ile leseni ya msimbo huria. Na bado hamjaelewa.

1. Kuforki, yaani kuchukua msimbo wa mtu na kuuendeleza kivyako, si dhambi, tuanze hapo. WordPress yenyewe ni forki: mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little waliichukua b2, programu ya kublogu ya Michel Valdrighi, iliyokuwa imelala, wakaiendeleza. WooCommerce, plagini ya duka la mtandaoni inayowalipia kodi ya nyumba, ilitoka kwenye plagini ya Jigoshop mwaka 2011, na WooThemes, kampuni iliyoiforki, waliwachukua hata watu waliokuwa wakiiandika Jigoshop. Watu walinuna, lakini hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa hiyo anayewaambia kila forki ni wizi, mwitikieni kwa adabu mwendelee na kazi. GPL inaruhusu kutumia, kusoma, kubadilisha, kugawa na hata kuuza. Inaruhusu pia kung'oa ile sehemu inayoulizia ufunguo wa leseni. Ambacho haiwapi ni seva ya mwenyewe. Ufunguo unalipia masasisho na usaidizi, yaani muda wa mtu, na muda wa mtu hauna GPL.

2. Za Telegram, hapana. Programu hasidi ya WP-VCD ilienea kwa njia hiyohiyo, ndani ya themu na plagini za "bure". Tovuti inayopokea M-Pesa ya watu haiwekewi kitu kilichopitia mikono msiyoijua.

3. Sasa la aibu. Nawaka hivi kwa sababu huo mchezo wa mstari wa Author niliucheza kabla yenu, tena kwa ustadi zaidi.

Tulikuwa na kaofisi Ngong Road, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Mteja wetu alikuwa na nyumba za wageni, akataka watu wahifadhi chumba mtandaoni na kulipa kwa M-Pesa papo hapo. Tukanunua plagini nzuri ya bwana mmoja wa Ulaya anayefanya kazi peke yake, leseni ya tovuti moja. M-Pesa haikuwemo, kwa hiyo tukaiforki. Hadi hapo hatuna kesi. Tatizo ni kwamba kazi ilipoisha ilipendeza mno, nikaingiwa na tamaa. Nikatafuta jina la plagini kwenye faili zote za PHP, lugha iliyoandikiwa plagini, nikaweka letu. Nikatafuta jina la mwandishi, nikaweka la kampuni. Hilo la pili lilifagia hata mistari ya hakimiliki iliyo juu ya kila faili, pamoja na miaka yake. Ukizisoma faili zile, kampuni yetu ilikuwa imeandika plagini kabla haijasajiliwa.

Tukaiuza kwa wateja wengine. Na hapa ndipo masikio yanapopata moto hadi leo: kila Januari tuliwatumia ankara yenye mstari unaosema "ada ya leseni". Leseni ya nani? Mwandishi hakuona hata shilingi. Wakati huohuo yeye aliendelea kutoa matoleo, akaziba na tundu la usalama, sisi hatuna habari, kwa sababu tuliacha kusoma orodha yake ya mabadiliko siku tulipobadilisha jina. Ukishajiaminisha kwamba kitu ni chako, unaacha kumfuatilia mwenyewe.

Ikafika Pasaka. Msimbo wetu ulikuwa unashikilia chumba dakika chache ukisubiri jibu la malipo. Jibu likichelewa, chumba kinaachiwa. Likija baadaye, tunalipokea na kuthibitisha bila kuangalia kama chumba kimeshachukuliwa. Familia mbili zikafika na mizigo na watoto, kila moja na ujumbe wake wa M-Pesa, chumba ni kimoja. Hitilafu hiyo haikuwa ya mwandishi hata chembe. Kipande kile niliandika mimi.

Dada wa mapokezi akatafuta wa kumlilia. Simu yangu ilikuwa imezimwa, nilikuwa ushago. Kwenye skrini kulikuwa na ujumbe wa hitilafu, na chini yake anwani ya usaidizi. Ya mwandishi. Nilifagia PHP nikasahau faili moja lililobanwa la JavaScript, msimbo wa upande wa kivinjari. Dada akaandika. Na yule bwana akajibu, Jumapili ya Pasaka. Akaomba atumiwe folda ya plagini, akaifungua, akakuta kazi yake imevaa jina letu. Angefunga kompyuta akaendelea na sikukuu, na nani angemlaumu? Akatafuta hitilafu, akaipata, akaandika marekebisho, akamtumia dada na nakala kwangu. Mwishoni kulikuwa na sentensi moja ya kuniambia mimi: angependa jina lake lirudi kwenye faili alizoandika. Hakutisha, hakutaja wakili. Afadhali angetaja wakili.

Mwenye nyumba za wageni ndiye aliyenimaliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sasa hiyo leseni mlikuwa mnanilipisha kila mwaka, ilikuwa ni nini?" Tukarudisha pesa. Tukawaandikia na wateja wengine tukaeleza, baadhi wakahama. Majina yakarudi kwenye faili moja moja, kwa mkono, kwa sababu historia ya Git, inayotunza kila badiliko la msimbo, ilikuwa inaanzia siku ya ufagiaji. Kile kipande cha M-Pesa nilimpa mwandishi bure akiingize kwake. Akakataa: hana laini ya Safaricom, hawezi kukijaribu, na kikiharibika atakayeulizwa ni yeye. Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Baadaye ndipo nikaona alikuwa anajua uzito wa kutoa msimbo kwa watu kuliko nilivyoujua mimi. Tukakitoa kama kiongezi kinachojitegemea, na kiko hai hadi leo.

4. Ndiyo maana nawauliza kila mara: mmeangalia kama kuna add_action au add_filter, yaani ndoano za kubadilisha kazi ya plagini bila kugusa faili zake, itakayowatosha? Forki nyingi nilizoziona hapa Nairobi zingekuwa faili moja dogo pembeni.

5. Kama ni lazima kuforki, GPL toleo la 2 inawataka mhifadhi mistari ya hakimiliki na muandike kwenye kila faili mlilogusa kwamba mmelibadilisha, na tarehe. Inachukua dakika. Jina la plagini na nembo ni habari nyingine, hizo ni alama za biashara na GPL haizigawi. Badilisheni jina la bidhaa, acheni jina la mtu. Mimi nilibadilisha yote mawili. Na mzigo wa CodeCanyon, soko la kuuzia msimbo, usomeni leseni yake kwanza, mara nyingi imegawanyika: PHP ni GPL, lakini CSS, picha na JavaScript si lazima ziwe.

6. Badilisheni na jina la folda, jamani. Forki ikibaki na folda yenye jina lilelile la plagini iliyopo WordPress.org, ghala rasmi la plagini, mteja atabonyeza kusasisha na kazi yenu yote itafunikwa. Tangu WordPress 5.8 ya mwaka 2021 kuna mstari wa Update URI wa kuzuia hilo. Kuna kijana, simtaji na yumo humu, ameshapoteza Ijumaa nzima kwa mstari huo mmoja.

7. Mtaniambia wakubwa nao hufanya hivyo. Mnafikiria ya Oktoba 2024, WordPress.org ilipouchukua ukurasa wa plagini ya Advanced Custom Fields katikati ya ugomvi na kampuni ya WP Engine, mwenye plagini hiyo, na kuugeuza kuwa Secure Custom Fields. Angalieni vizuri watu walikasirikia nini. Msimbo ule ni GPL, mtu yeyote angeuforki akaupa ukurasa mpya na hakuna ambaye angepiga kelele. Kilichouma ni kwamba walichukua nafasi ileile, pamoja na tovuti zilizokwishaiweka na maoni ya watumiaji, kiasi kwamba mtu mwenye masasisho ya kujiendesha aliamka akakuta plagini nyingine. Desemba mahakama ya California ikaamuru ukurasa urudishwe. Wengine humu walishangilia upande huu au ule kama mechi ya Gor na Ingwe. Mimi niliwafikiria wenye tovuti, ambao hawakuulizwa kitu, kama vile dada wa mapokezi hakuulizwa.

8. Plagini iliyotelekezwa ni halali yenu kwa moyo mweupe. Mwandikieni kwanza mwenyewe, subirini jibu, kisha mforki hadharani mkieleza mmeitoa wapi. Ila kabla hamjabonyeza, jiulizeni nani atasoma ripoti za usalama mwaka kesho. Kama jibu ni "tutaona", msiforki.

9. Bei. Hapa siwabishii. Leseni zinauzwa kwa dola, na dola haituonei huruma. Kijana anayetengeneza tovuti ya duka la mtaa wa Umoja kwa pesa kidogo, akiambiwa leseni pekee inakula faida yote, namwelewa akijikuna kichwa. Lakini njia zipo, na mnaziruka. Waandishi wadogo wengi hujibu barua pepe. Elezeni mko wapi na mteja ni wa aina gani, muombe punguzo. Wakikataa, tafuteni plagini nyingine au mwambieni mteja asubiri hilo dirisha la mbwembwe. Na gharama ya leseni msiifiche ndani ya jumla. Kwenye kotesheni iwe na mstari wake peke yake: jina la plagini, nani anauza, bei kwa dola, inalipwa tena lini. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mteja, si yenu, ili mkigombana abaki na ufunguo wake. Nimeweka kiolezo kwenye folda ya ofisi, kinaitwa kotesheni-mpya. Ile ya zamani yenye "ada ya leseni" nilishaifuta, msiniulize tena iko wapi.