Steroli si homoni: kwa mnaoanza kupima mbegu

Wadogo zangu mnaoingia maabara kwa mara ya kwanza na chupa ya uto, yaani mafuta ya mbegu, mliyotoka nayo nyumbani, nawaandikia kutoka Lamu, ambako simsim ya Witu na Mpeketoni ndiyo iliyonifunza kazi hii. Kosa nililoanza nalo mimi ni kuona neno "steroli", yaani kemikali za jamii ya kolesteroli, na kudhani nimeshapata estrojeni, homoni ya kike.

Undugu upo. Sitosteroli, steroli ya mbegu, na estradioli, estrojeni ya mwilini, zote zina pete nne za kaboni zilizoshikana. Lakini zichoreni kwa mkono, msitosheke na picha ya kitabuni. Estradioli ina kaboni 18, na pete yake ya kwanza ni fenoli, yaani pete ya benzini yenye oksijeni na hidrojeni (OH) ubavuni. Hapo ndipo kipokezi cha estrojeni, protini ya seli inayoipokea homoni hiyo, kinapoikamata. Sitosteroli ina kaboni 29, pete hiyo si fenoli, na nyuma inaburuta mkia mrefu, kwa hiyo haikai sawasawa kwenye kipokezi. Tena utumbo hufyonza chini ya asilimia 5 ya steroli za mimea tunazokula. Kazi yake inayojulikana vyema ni kuizuia kolesteroli isifyonzwe, na kwa hilo huhitajika kama gramu 2 kwa siku. Simsim ina takriban miligramu 400 katika kila gramu 100. Pigeni hesabu: ni nusu kilo ya simsim kila siku. Hakuna awezaye kula hivyo.

Nguvu inayofanana na estrojeni itafuteni kwanza kwenye lignani, kundi jingine la kemikali za mimea. Kartamu, ule mmea ambao maua yake huuzwa badala ya zafarani, mbegu zake zina lignani iitwayo matairesinoli. Simsim ina yake, sesamini. Bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa enterolaktoni, na hiyo ndiyo inayokigusa kipokezi, japo kwa udhaifu ukilinganisha na estradioli. Aliyetoka kumeza antibayotiki huwa nayo kidogo, kwa sababu wale bakteria wamepungua. Kwa hiyo ukipima nguvu hiyo kwa kumwagia seli za maabara dondoo la mbegu moja kwa moja, umeiruka hatua ya tumbo, na lazima uliseme hilo katika ripoti yako.

Sasa vyombo, maana hapa ndipo nilipoumia. Kupima steroli kwa rangi ni rahisi kwa macho: uto kidogo ndani ya klorofomu, anhidridi ya asetiki, kisha asidi ya salfuriki kali tone kwa tone, na mrija ukiwa kwenye barafu. Rangi huanza waridi, ikaingia zambarau, ikatulia kwenye kijani. Siku yangu ya kwanza haikuja kijani hata kidogo. Ilikuja hudhurungi chafu. Nikaandika: hamna steroli. Simsim isiyo na steroli! Mrija nilikuwa nimeusuuza na kuufuta kwa kitambaa tu, na maji yaliyobaki yaliiharibu anhidridi. Kwa unyevu wa pwani yetu, kausheni mirija kwenye oveni, na kila mara wekeni pembeni mrija wa uto ambao mnajua una steroli.

Plastiki ni hatari zaidi. Mwaka 1991 Ana Soto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitoa ripoti ya seli za saratani ya matiti zilizokuwa zikiongezeka bila kupewa estrojeni yoyote. Chanzo kilikuwa nonilifenoli iliyotoka kwenye mirija ya plastiki. Na mwaka 1986 ilikuwa imeshaonekana kwamba hata rangi nyekundu ya fenoli, inayotiwa kwenye chakula cha seli, hufanya kazi kama estrojeni hafifu. Huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, uto mwingi huuzwa kwenye chupa za plastiki zilizotumika. Msichukue huo. Nendeni kwa mkamuaji na chupa yenu ya kioo, muandike shamba, siku ya kukamua, na kama mbegu zilikaangwa.

Mtaulizwa pia. Mama mmoja alinishika mkono sokoni: "Mwanangu, mimi natumia dawa za saratani ya titi. Uto huu wanasema una homoni, niuache?" Nilimwambia, "Mama, nimepima chupa, sijapima mwili wako." Nikamwandikia kwenye karatasi majina ya lignani za simsim, ili ampelekee daktari wake.