Mvua hakuna, Ruvu inayapata wapi maji?

SWALI: Shikamoo mzee. Tangu Juni huku kwetu haijanyesha mvua ya maana, lakini bombani maji yanatoka. Naambiwa ni ya Mto Ruvu. Huo mto nao unayapata wapi kiangazi chote hiki? Na mtu anajuaje maji yalikotoka, wakati maji yote yanafanana? – Mama Zuhura, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Ruvu inateremka kutoka milima ya Uluguru, Morogoro. Upande wa mlima unaotazama bahari hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sisi Dar ni kama 1,100. Mvua ile haikimbilii mtoni yote. Nyingi huzama kwenye udongo wa msitu na nyufa za miamba, halafu inachuruzika polepole kwenye chemchemi. Unachokinga Septemba ni masika, na mengine ni ya miaka ya nyuma. Akiba hiyo ikipungua tunajua wote: Oktoba 2022 Ruvu ilishuka mpaka tukapewa maji kwa mgawo.

Ila maji hayafanani hata kidogo. Maji yote ni haidrojeni na oksijeni, ila ndani yake kuna machache yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, au haidrojeni nzito. Wingu likipanda mlima, yale mazito hutangulia kudondoka, kwa hiyo mvua ya kileleni ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwenye dimbwi lililopigwa jua ni kinyume: mepesi hupaa kwanza, mazito yanabaki. Maabara ikipima, inasoma mchanganyiko kama wewe unavyoitazama rangi ya chai ukajua maziwa yametiwa kiasi gani.

Nimefanya kazi ya kukinga sampuli hizo miaka mingi. Chupa yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani. Unaizamisha, unaifunga ikiwa humohumo majini, kisha unaigeuza kichwa chini uone kama kuna kiputo. Kikiwepo, mwaga, anza upya, hata kama vidole vimekufa ganzi, maana maji yakipata nafasi ya kuvukiza humo ndani, kipimo kinadanganya.

Na mafuriko je? Vipimo vya namna hii, vilivyoanza kwenye mito midogo ya milimani miaka ya 1970, vilionyesha jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: mara nyingi sehemu kubwa ya maji yanayofurika si ya mvua iliyonyesha jana. Ni ya zamani, yaliyokuwa yamelala ardhini, na mvua mpya imeyasukuma tu yatoke. Ardhi iliyofyekwa ikawa ngumu haina akiba hiyo; mvua inapita juu juu siku hiyohiyo na tope lake, na Septemba mto hauna cha kukuletea Kimara.