Cruise ya mto Danube na wazazi: inalipa au ni kuchoma hela tu?

Mtoa mada ameuliza kama ni akili kuwapeleka wazazi wake cruise ya mtoni Ulaya, wametimiza miaka arobaini ya ndoa, mama magoti yanamsumbua, baba anapenda historia, wote ni watu wa swala tano, na bei alizoziona mtandaoni zimemkata maini. Wengi mmemwambia hiyo hela achukue treni na hoteli aone miji mingi zaidi. Kwa kijana wa miaka 30 mko sahihi kabisa. Kwa hao wazee mimi nabisha. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kusini mwa Ujerumani na kuna bibi mmoja familia yake hunilipa niende naye kwenye hizi meli, kwa hiyo naongea kama mtu aliyesukuma kiti cha magurudumu kwenye barabara za mawe za karne na karne, sio aliyeona picha Instagram.

Kwanza ondoa kichwani zile meli kubwa za baharini zenye kasino na mabwawa ya kuogelea ghorofa ya kumi na ngapi sijui. Za mtoni ni ndogo na kwa nje zinafanana zote, na kuna sababu. Kuna mfereji unaounganisha mto Rhine, Main na Danube, ulifunguliwa 1992, una mageti ya maji 16 ya kupandisha na kushusha meli kama yale ya Panama, na upana wa geti ni mita 12 tu. Sasa meli inayotaka kupita huko upana wake ni mita 11 na nusu hivi, na urefu mwisho mita 135, basi. Hata uwe bilionea huwezi kujenga kubwa zaidi ya hapo. Ndo maana nawaambia watu wasihesabu nyota, waulize meli inabeba abiria wangapi. Bodi ni ileile, mmoja anaweka watu 190, mwingine anaweka 130, na tofauti yote ya bei iko hapo: ukubwa wa chumba, foleni ya chakula cha asubuhi, na kama mhudumu anajua mama hanywi kahawa. Hizo shampeni na marumaru za bafuni ni maua tu.

Kwa magoti ya mama, ukweli ni kwamba anasa kubwa ya haya mambo ni kutofungasha begi. Unalala Passau, mji wa Ujerumani mpakani, unaamka Austria, nguo zako ziko kabatini palepale, hakuna ngazi za stesheni wala kutafuta teksi na mvua. Ila kabla hujalipa uliza lifti inaishia wapi, maana meli nyingi lifti haifiki deki ya juu kabisa ya kuotea jua, na nyingine haishuki deki ya chini. Deki ya chini ndo bei rahisi, dirisha lake ni dogo, liko karibu usawa wa maji na halifunguki. Chukua ya katikati au ya juu yenye mlango wa kioo unaofunguka, na usikubali ya nyuma kabisa, injini itawasomea usiku kucha.

Jambo lingine brosha hazionyeshi: bandarini meli zinaegeshwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, saa nyingine zaidi. Unafungua pazia asubuhi unakutana na mzee wa Kimarekani ana taulo kiunoni, anakutazama na wewe unamtazama. Na ili ufike nchi kavu inabidi upite kwenye mapokezi ya meli ya jirani, au kama milango haijalingana mnapanda ngazi mpaka juu ya paa mnavuka mnashuka upande wa pili. Bibi ninayemhudumia siku kama hiyo anakataa kutoka, tunabaki tunacheza karata. Kwa mama yako wapigieni simu kabla muulize, na mkifika mseme mapemaaa mapokezi kwamba kuna mtu wa magoti, huwa wanajitahidi.

Sasa kipande gani cha mto. Danube ina urefu wa kilomita kama 2,850 na inapita nchi kumi, lakini kwa mara ya kwanza chukua Passau mpaka Budapest. Sababu yangu sio uzuri tu, ni maji. Juu ya Passau, yaani upande mto unakotokea, kati ya Straubing na Vilshofen, mto haujazuiwa na mabwawa, kwa hiyo kiangazi kikikauka ndo panakuwa shida ya kwanza, meli haipiti. Watu wanaoanzia Nürnberg au Regensburg ndo wanaoishia kupakiwa kwenye mabasi. Imetukuta na sisi, tukapelekwa kwa basi kwenye meli nyingine, masaa ya kutosha, na kampuni haikurudisha hata senti kwa sababu mkataba unawaruhusu kubadilisha njia kama maji hayafai. Hiyo aya ya mkataba isome yote. Na maji yakizidi nayo ni balaa, meli haipiti chini ya madaraja. Ukifika Passau angalia ukuta wa halmashauri yao ya zamani, wamechora alama za mafuriko na miaka yake, ile ya 2013 maji yalifika mita 12.89, yalikuwa hayajafika hapo tangu 1501. Baba atapapenda hapo. Halafu muwahi kanisa kuu la Mtakatifu Stefano saa sita mchana, kuanzia Mei mpaka Oktoba siku zisizo Jumapili wanapiga kinanda chao chenye mabomba 17,974, mnakaa tu bila kutembea popote.

Mageti ya maji nayo yana utamu wake. Kati ya Passau na Budapest yapo kumi na moja na mengi mtapita usiku mmelala. Unashtuka chumba kimekuwa cheusi, unasogeza pazia unakuta ukuta wa zege uko karibu kiasi cha kuugusa, umeota mwani wa kijani, unachuruzika maji, na unapanda juu polepole... kumbe ni nyie mnashuka. Meli inagusa ukuta kidogo, inatoa mlio kama wa kabati kuburuzwa, kisha kimya. Bibi wa watu mara ya kwanza alinibonyezea kengele akidhani tunazama. Waambie wazee kabisa kabla. Lile la Gabčíkovo kule Slovakia ndo kubwa, mnashuka zaidi ya mita 15, likiwa mchana pandeni juu mlione.

Bonde la Wachau kule Austria, kati ya Melk na Krems lazima lipitwe mchana, hili ndo swali la kuuliza kampuni, maana kuna ratiba za ovyo zinapita hapo usiku. Ni mashamba ya mizabibu na aprikoti pande zote mbili, na pale Dürnstein kuna magofu ya ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza kuanzia mwisho wa 1192, alikamatwa akitoka vita vya msalaba. Kupanda mpaka kwenye magofu mama hawezi, asijaribu. Hii sehemu raha yake ni kukaa kwenye kiti na blanketi.

Vienna hapo msidanganyike na neno katikati ya jiji. Meli zinatia nanga karibu na daraja la Reichsbrücke, mbali na mjini, kwa sababu mto wenyewe walichimba njia mpya wakaunyoosha miaka ya 1870 hadi 1875 kupunguza mafuriko. Kampuni zitawauzia safari ya basi kwa bei ya kuruka, wakati treni ya chini U1 iko hapohapo, mnapandia Vorgartenstraße, kituo cha nne ni Stephansplatz, mmefika, na lifti zipo. Tena kwa baba mpenda historia msiende kasri la Schönbrunn kupanga foleni na dunia nzima, nendeni makaburi ya wafalme chini ya kanisa la Wakapuchini. Kuna jeneza la Rudolf, mwana wa mfalme, yuko pembeni ya baba yake Franz Joseph na mama yake Elisabeth. Huyu ndiye ambaye jina lake wasafiri wa Kizungu Teleki na von Höhnel walilibandika kwa lile ziwa la jirani zetu Kenya mwaka 1888, wakaliita Rudolf, na Januari 1889 jamaa akafa kule Mayerling, nje ya Vienna. Jina likakaa mpaka 1975 likawa Turkana. Mimi nilisimama pale nikawaza ziwa lenye watu wake na majina yao siku zote, linabatizwa jina la kijana ambaye hakuwahi hata kuliona. Watalii wengine walikuwa wanapiga picha za mafuvu ya shaba yenye taji.

Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, ni kidogo, kinatembeleka kwa mguu toka melini, fuateni vitaji vya shaba vilivyopachikwa barabarani vinaonyesha njia waliyopita wafalme wa Hungary wakitawazwa, walitawazwa pale kuanzia 1563 hadi 1830. Nusu siku inatosha.

Budapest kuweni juu meli ikiingia, bunge lao liko mkono wa kushoto ukishuka na mto, lina urefu wa mita 268, na kampuni nyingi usiku zinawazungusha tena taa zikiwaka. Hapo hata bibi yangu ambaye amechoka kila kitu duniani huwa anaomba miwani.

Umesema wazee ni watu wa swala tano. Andika kuhusu chakula siku ya kubuku, sio mkifika, jikoni wananunua mapema. Nguruwe iko kila kona mpaka kwenye supu ya dengu, lakini samaki na mboga hazikosi. Juni jua Vienna linazama kama saa tatu usiku, kwa hiyo magharibi inakuja mmeshakula zamani. Na kibla kinahama meli ikikata kona, simu iwe na dira.

Viza ni Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Mnaomba nchi mtakayokaa siku nyingi, zikilingana ile mnayoingilia kwanza, kwa hiyo waambie kampuni wawape ratiba inayoonyesha kila usiku meli iko nchi gani, msije mkaomba Ujerumani kumbe siku nyingi ni Austria. Mkijisikia kushuka mpaka Belgrade, Serbia haimo Schengen, mkitoka hapo kuingia Romania au Bulgaria mnahesabiwa mnaingia upya, viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Bakshishi ya wahudumu andaa kama euro 10 kwa siku kwa kila msafiri, kuna kampuni zimeshaiweka kwenye bei, uliza usilipe mara mbili.

Mwezi hujasema. Mei au Septemba fuata niliyoandika hapo juu. Kama ni Desemba kwa ajili ya masoko ya Krismasi, ule mlango wa kioo hamtaufungua hata mara moja kwa baridi, na saa kumi jioni giza linaanza kuingia, hapo chukua kabini ya chini yenye kidirisha kama lifti inafika, hela inayobaki wanunulie wazee makoti na viatu visivyoteleza.