Barua kwa mwanangu: gari litakula nini tarehe ishirini?

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu mama yako ndiye aliyeshika simu, maana alidhani kuna kitu namficha. Umeuliza swali moja ambalo ndani yake yamo mawili. Kwanza, kwa nini wakubwa zako hapo kazini, wenye mishahara mikubwa kuliko wako, wanaendesha IST, kile kigari kidogo cha Toyota. Pili, kama una akiba ya milioni 14 na unakubaliwa mkopo wa milioni 16, kuna ubaya gani ukachukua Harrier, lile Toyota kubwa la juu, ya milioni 30 na kumaliza kazi.

Kwa simu ningekujibu ovyo. Acha niandike.

Nianze na ile Datsun 120Y ambayo wewe hukuikuta, ya rangi ya maziwa, iliyo kwenye picha ya harusi ya shangazi yako. Kaka yako anapenda kusema Baba alikuwa na macho ya kuchagua gari. Sikuchagua chochote. Vita vya Kagera vilituacha weupe, na mwaka uleule wa 1979 mafuta yakapanda dunia nzima. Fedha za kigeni hazikuwepo. Gari jipya lilikuwa la kibali: unajaza fomu, unangoja, unakutana na aliyejaza fomu baada yako akiwa tayari anapiga honi. Mimi nilinunua Datsun kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anahama nchi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inauzwa wiki ile. Angekuwa anauza trekta ningenunua trekta.

Na kulipata hakukuwa kuliendesha. Kuanzia Jumapili saa nane mchana mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, gari binafsi lilikuwa marufuku barabarani bila kibali, ili nchi ibane mafuta. Siku moja tunarudi Morogoro kutoka msibani Dar, pancha ikatushika Chalinze. Tunafika Mikese, saa yangu inasema saa nane na dakika ishirini. Askari akanyoosha mkono. Hakuwa mkali hata kidogo, alisema tu, "Ndugu, egesha hapo kwenye kivuli, mlale." Tukalala kweli. Mama yako alibana khanga kwenye kioo kuzuia mbu, kaka yako wa miezi sita analia, na saa kumi na mbili kamili askari yuleyule akatugongea boneti kutuamsha.

Mwaka 1984 bajeti ya Waziri Cleopa Msuya ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuulizwa amezitoa wapi. Haukupita muda pikapu za Toyota zikawa kila kona ya mji. Usidhani watu waliamka asubuhi wakapenda pikapu. Pikapu ilibeba mkaa, ikabeba magunia, ikabeba bibi harusi, ikajilipia. Sasa hivi ukipita soko la hapa asubuhi utaona jambo lilelile: kabichi na karoti za Mgeta hazishuki mlimani kwa gari la kupendeza. Arusha na Manyara huko Probox imekuwa basi, wanaiita mchomoko, na aliyeitengeneza Japani kwa ajili ya kubebea mizigo ya ofisi nadhani hajui hadi leo.

Kwa hiyo wakubwa zako usiwashangae. Wamepiga hesabu moja ambayo wewe bado. Wewe umeuliza gari linauzwaje. Wao wameuliza litakula nini tarehe ishirini, mshahara ukiwa umeisha na mwezi bado unadai.

Tuipige pamoja. Kutoka Kibamba hadi Posta na kurudi, weka kilomita 50. Siku 22 za kazi ni kilomita 1,100. IST kwenye foleni ya Morogoro Road ikienda kilomita 11 kwa lita, ni lita 100. Harrier ya injini ya 2.4 ikienda kilomita 7, ni lita 157. Weka lita kwa shilingi 3,000, hesabu ya mviringo. Ya kwanza inakula 300,000, ya pili 471,000. Hiyo tofauti ya 171,000 ni kila mwezi, kabla hujaenda kanisani, kabla hujaja kwetu. Na hiyo 3,000 haijakaa mahali. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wanatangaza bei mpya, nawe unakumbuka Agosti 2022 lita ilipita 3,400 hapo Dar.

Jambo ambalo vijana hamlioni: mwaka 2017 serikali ilifuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, tukashangilia. Lakini ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita. Yaani ada ile haikufa, ilihamia kwenye pampu. Anayekunywa sana ndiye anayelipa sana, awe anatembea au amesimama Ubungo injini inaunguruma.

Halafu mkopo. Anayekukopesha atataka bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, maana gari ni lake mpaka umalize. Kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani. Kwa milioni 30 ni 1,050,000, na VAT juu yake. Bima ndogo, ya kumfidia utakayemgonga, kwa gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka mzima. Sisemi bima kubwa ni mbaya, nasema haimo kwenye hesabu uliyonitumia.

Umesema pia unafikiria kuagiza mwenyewe Japani kwa kuwa "kule bei ni ya kutupa". Ni kweli. Mjapani gari lake likitimiza miaka mitatu anaanza kulipia ukaguzi wao, shaken, kila baada ya miaka miwili, na likivuka miaka 13 kodi yake inapanda. Anaona heri aliuze lingali linang'aa. Nasi tunaendesha upande uleule wa barabara, usukani kulia, basi linatufaa. Lakini gari la miaka zaidi ya 10 likifika bandarini, TRA, watoza kodi, wanachukua thamani waliyonayo kwenye mfumo wao, si ile ya risiti yako. Asilimia 25 ya ushuru wa forodha. Juu ya jumla hiyo, asilimia 30 ya tozo ya uchakavu, na ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa IST, 10 kwa Harrier. Kisha VAT 18 juu ya vyote. Nimekokotoa kwa kalamu nyuma ya bahasha: gari la 100 linakuwa 199 kwa IST, 206 na ushee kwa Harrier, na tozo ndogondogo bado. Unanunua magari mawili, moja unaliacha bandarini. Na unalipa kwa dola, ambayo 2022 ilikuwa kama shilingi 2,300 na miaka miwili baadaye ilivuka 2,600. Mshahara wako haukupanda hivyo.

Sasa utasema, "Basi Baba, nichukue IST." Hapo ndipo tutakapogombana, maana sikubaliani na wakubwa zako pia. Wao walinunua zamani. Tangu teksi za kuitwa kwa simu zilipoingia Dar 2016, IST imekuwa gari la kazi: spea zake zimejaa Gerezani, fundi yeyote anaijua, na ukiitangaza asubuhi jioni imeondoka. Vyote hivyo vimo kwenye bei. Unaponunua IST ya namba D kwa milioni 14 unashindana na kijana anayetegemea gari lile limrudishie hela. Wewe halikurudishii kitu, linakupeleka Posta. Na ukitoa milioni 14 zote, tairi utanunua kwa hela gani?

Nakushauri Vitz, Toyota ndogo kuliko hata IST. Ile ya injini ya cc 996, isiyofika hata kiwango cha kutozwa ile asilimia 5. Haina heshima, najua. Vijana wataiita kiberiti. Lakini utabaki na milioni kadhaa benki, na hizo ndizo zitakazokuendesha.

Kuhusu kutaka gari la juu kwa sababu ya mashimo ya mtaani kwako, hilo ni hitaji la kweli, silidharau. Wengi wanaweka spesa kunyanyua gari. Usizidishe, utaua shokapu na bushi. Na masika yakikolea, egesha kwa huyo mama muuza genge pale lami inapoishia, mlipe kitu, utembee. Siku nyingine panda daladala hadi Kimara, uchukue mwendokasi. Gari si ndoa.

Lingine dogo. Kituoni watu hawasemi lita, wanasema "weka ya kumi", yaani ya shilingi elfu kumi. Ukizoea ya kumi kila siku, taa ya mafuta haizimi, na pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe. Tangi tupu litaiunguza. Nimeona watu wakibana elfu ishirini wakatoa laki mbili. Weka ya wiki, mshahara ukitoka.

Ukilipata la kuangalia, usilipe hata kishika uchumba. Mwambie dalali asiliwashe kabla hatujafika. Gari lililokwisha kupashwa moto huficha mengi. Nitakuja Jumamosi na basi la kwanza, nitakuwa na fundi wangu wa Msamvu. Yeye huanza kwa kufungua kifuniko cha oili; akikuta ute mweupe kama maziwa anakifunga, anafuta mikono, anaaga.

Mama yako anauliza kama Vitz inaingiza gunia la mchele. Nimemwambia viti vya nyuma vinalala. Anasema yeye basi atakaa wapi.

Baba yako,
Morogoro