Je, Emin Pasha alikuwa mtiifu kwa Misri?

Swali: Mwalimu, nimesoma kwamba Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, jimbo la Misri kusini mwa Sudan, alikubali kusalimu amri kwa Mahdi, kiongozi wa uasi wa kidini Sudan, mwaka 1884. Kwingine anasifiwa kuwa gavana wa mwisho aliyebaki mtiifu kwa Misri. Tushike lipi?

Jibu: Alikubali, hilo halina ubishi. Mei 1884 alipokea barua ya Karam Allah, amiri wa Mahdi ambaye Lupton Bey, gavana wa Bahr el Ghazal, alikuwa ameshamkabidhi jimbo lake. Slatin, gavana wa Darfur, naye alikuwa amekwisha kusalimu amri. Maofisa wa Emin waliokutana Lado, makao yake ya wakati huo, wakaafiki kufanya vivyo hivyo, na wajumbe wakatumwa. Lakini jimbo halikukabidhiwa. Emin alivuta muda, kisha akahamishia makao yake kusini, Wadelai. Tangu 1883 hakuna meli iliyomfikia kutoka Khartoum, kwa hiyo mimi naona ule ulikuwa ujanja wa mtu aliyeishiwa njia, si usaliti.

Nakuomba usiwasahau askari wake, maana hapo ndipo penye uzito. Stanley, aliyeongoza msafara wa kumwokoa Emin, alipokutana naye Ziwa Albert mwaka 1888, alileta barua ya Khedivu Tewfik, mtawala wa Misri: anayetaka kuondoka aondoke na Emin, anayebaki abaki kwa dhamana yake mwenyewe, bila kutarajia msaada wa serikali. Askari wakaingiwa na shaka. Efendina, yaani Khedivu, huamuru, tangu lini akampa askari hiari? Na njia ya Misri waliyoijua wao ilipita Khartoum, kaskazini, si huku kusini. Wengi wakaamini barua ni ya kughushi na kwamba gavana anataka kuwauza kwa Waingereza. Agosti wakamfunga katika kituo cha Dufile.

Novemba jeshi la wafuasi wa Mahdi likaishambulia Dufile hiyohiyo, na waliolirudisha nyuma ni wanajeshi walewale waliomwasi gavana. Sisemi wote walikuwa safi. Baadhi ya maofisa Wamisri walikuwa wamepelekwa huko kwa adhabu na walikuwa na kinyongo chao. Lakini askari wa kawaida aliyekaa miaka bila mshahara, akamkana gavana kwa jina la Khedivu, kisha akasimama kupigana na wafuasi wa Mahdi, anastahili kutajwa kabla ya Emin tunapozungumzia utii.

Emin mwenyewe alishikamana zaidi na jimbo kuliko na Misri. Alifika Bagamoyo pamoja na Stanley Desemba 1889, na mwaka uliofuata akaingia katika utumishi wa Wajerumani, akaongoza msafara kurudi bara.