Jibu refu kwa dada wa Luleå kuhusu zile taa za mwanga mkali

Dada, nimeona swali lako nikasema hili nalijibu kwa urefu, manake mi nipo Umeå, huku huku kaskazini mwa Sweden, hapo kusini yako tu, na hiyo hali naijua vizuri. Umesema ulifika mwezi wa nane ukiwa poa kabisa, Novemba ilivyoingia ukaanza kulala masaa kumi na bado unaamka umechoka, unatafuna mikate na biskuti hushibi, simu za nyumbani hutaki kupokea, shemeji anasema unadeka tu, na unauliza hizi taa za mwanga mkali za kutibu sonona ya msimu, yaani ule ugonjwa wa huzuni unaokuja na giza la majira ya baridi, zinatibu kweli au ni watu wanatafuta hela.

Zinatibu, na watu wengi zinawasaidia. Ila zina masharti, na wengi wanaosema "mi nilinunua sikuona kitu" ukiwauliza waliitumiaje unakuta walikuwa wanaiwasha jioni kwenye kona ya sebule huku wanaangalia tamthilia.

Kwanza ya shemeji tuyamalize. Daktari aliyeieleza hii sonona ya msimu kitaalamu, yeye na wenzake mwaka 1984 huko Marekani, anaitwa Norman Rosenthal na ni mtu wa Johannesburg. Alihamia New York miaka ya 70, baridi ilivyoingia akashangaa nguvu zimemuisha, jua likirudi naye anarudi kuwa yule yule. Yaani mtu katoka Afrika kwenye jua lake kaja kukutana na giza, kama wewe, na hakuna aliyemwambia anadeka. Afu angalia dalili zako: sonona nyingine mara nyingi mtu anakosa usingizi na chakula hakipiti, hii inakuja kinyume chake, usingizi mwingi, hamu ya wanga na vitu vitamu, kilo zinaongezeka, mwili unakuwa mzito, ndo maana mtu wa pembeni anaona uvivu. Mama yangu kule Tanga aliponisikia sauti kwenye simu alisema hiyo ni husda ya watu, nisome Ayatul Kursi. Nikasoma, na taa nikawasha.

Sasa inavyofanya kazi. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake si kukuonyesha vitu, zinapeleka habari kwenye saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo kwamba kumekucha. Kwetu kunakucha saa kumi na mbili mwaka mzima, ile saa haina shida. Huko kwako mwezi wa kumi na mbili jua linatoka karibu saa nne asubuhi na saa saba mchana ndo linazama, kwa hiyo we umeshaamka, umeshafika kazini, ubongo bado unadhani ni usiku wa manane na ile homoni ya usingizi, melatonini, ratiba yake imesogea. Taa inakuja kuurudisha mwili kwenye saa yake. Ndo maana lazima iwe asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka ndo bora, ukiwasha usiku unajiharibia usingizi bure.

Kipimo chake ni luksi 10,000 (luksi ndo kipimo cha ukali wa mwanga) kwa nusu saa kila siku. Taa za sebuleni hata uziwashe zote unapata mia na kitu, mia tatu ukijitahidi, kwa hiyo wale wanaosema wataweka balbu kali wanajidanganya. Na hapa kwenye kununua ndo watu wanapigwa: boksi linasema 10,000 kwa maandishi makubwa, ukisoma yale madogo unakuta ni kwa umbali wa sentimita kumi na tano, sasa nani anakunywa chai taa imegusa pua? Tafuta kubwa inayotoa hiyo luksi kwa sentimita 30 au 40 hivi, iwe ya mwanga mweupe na imeandikwa inachuja UV, ile miale inayounguza ngozi. Ukiisogeza mbali kidogo tu nguvu inashuka vibaya. Huikodolei macho, unaiweka mbele yako upande kidogo, macho wazi, unaendelea na mambo yako. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu inaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo naamka mapema nakaa nayo mezani nikinywa chai na kujibu meseji za usiku, basi imeisha hiyo.

Siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma au macho yakachoka, isogeze mbali kidogo au anza na dakika kumi na tano. Mabadiliko yape wiki moja mbili. Ukiona nafuu usiache, manake ukiacha katikati ya Januari ile hali inarudi haraka sana, mi naendelea mpaka mwezi wa tatu na msimu unaofuata naanza Septemba kabla sijaanza kuzama.

Kwa anayeuliza ushahidi, Canada walilinganisha taa na vidonge vya sonona vinavyoitwa fluoxetine, miligramu 20, kwa watu 96, wiki nane, ikatoka 2006, matokeo yakakaribiana. Na hapa Umeå mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji iliweka taa za aina hii kwenye vituo vya basi, watu wakawa wanasubiri basi huku wanapata mwanga.

Usichanganye na vitamini D lakini, watu wetu wanachanganya sana. Taa inaingilia machoni na haikupi vitamini D hata kidogo, hiyo sisi wenye ngozi nyeusi huku tunahitaji vidonge vyake kivyake. Na usiende kwenye vile vitanda vya taa vya kujichoma ngozi ukadhani ni kitu kimoja!

Sasa kuna wasioruhusiwa kujinunulia tu. Mwenye bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, taa inaweza kumpandisha upande wa pili akawa halali anaongea usiku kucha, huyo ni mpaka daktari wake. Mwenye presha ya macho, kisukari kilichofika machoni, anayetumia dawa ya lithiamu au antibiotiki zinazofanya mtu asivumilie mwanga, naye aulize kwanza. Piga 1177, namba ya ushauri wa afya hapa Sweden, watakuelekeza kituo cha afya cha karibu, omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako. Na kama mawazo yamefika kwenye kutotaka kuishi, hapo taa iweke pembeni, piga 112, namba ya dharura.

Mchana toka nje hata dakika ishirini, hata mawingu yakitanda nje kuna mwanga kuliko ndani. Theluji ikitulia nayo inasaidia, inarudisha mwanga, kwangu Novemba isiyo na theluji ni mbaya kuliko Februari yenye baridi ya kukata masikio.

Ukishaiona dukani piga picha yale maandishi madogo ya kwenye boksi uiweke hapa kabla hujalipa, nikuangalizie umbali wake.